"Hapa Siasa Hapana": Je, Makundi Yetu ya WhatsApp Yazungumze Siasa?



Karibu kila kundi la WhatsApp tulilomo lina sheria moja, iwe imeandikwa kwenye maelezo ya kundi au haikuandikwa popote: "Hapa siasa hapana." Kundi la kwaya linayo, kamati ya harusi inayo, waliosoma pamoja sekondari wanayo, wapenzi wa mpira wanayo, na jumuiya ndogo ndogo zinayo. Na karibu kila kundi huivunja. Asubuhi mtu anatuma tafakari ya Injili ya siku. Saa nne mwingine anatuma klipu ya mwanasiasa. Saa sita kuna ujumbe sitini ambao wengine hawajaufungua. Jioni admini anaandika, "Jamani, turudi kwenye lengo la kundi." Usiku watu wawili wameshajitoa, na kesho yake mchango wa msiba ukitangazwa, hao wawili hawana habari.

Katika makala hii tunajaribu kujibu swali linalotokana na hali hiyo: je, maongezi ya siasa yana nafasi katika makundi ya kawaida ya mtandaoni, yaani makundi ambayo hayakuanzishwa kwa ajili ya siasa? Tunaliuliza kama wanafunzi wa falsafa, lakini si swali la darasani tu. Wapo waamini walioacha kwenda kusali katika jumuiya zao kwa sababu ya maneno waliyoandikiwa kwenye simu. Wapo pia walionyamaza juu ya jambo lililowaumiza kwa sababu waliambiwa kwamba hiyo ni siasa. Jibu likiwatazama wa kwanza tu na kuwasahau wa pili, au kinyume chake, litakuwa nusu ya jibu.

Tukisema "siasa" tunamaanisha nini?

Walimu wetu wa mantiki hutukumbusha kwamba mabishano mengi hayamaliziki kwa sababu wabishanao wanatumia neno moja kwa maana mbili. Ndivyo ilivyo kwa neno siasa. Tunadhani katika makundi yetu neno hili hubeba maana tatu.

Maana ya kwanza ni mambo ya manufaa ya wote: maji, zahanati, barabara, madawati, usalama, bei ya mbolea, haki mahakamani. Aristotle, katika kitabu cha kwanza cha Siasa, anasema binadamu kwa maumbile yake ni kiumbe wa kuishi katika jamii yenye utaratibu wa pamoja, yaani ile ambayo Wagiriki waliiita polis. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1906, nayo inaeleza manufaa ya wote kuwa ni zile hali za maisha ya jamii zinazowawezesha watu, mmoja mmoja na katika makundi yao, kuufikia ukamilifu wao. Kwa maana hii, mama anayeandika kwamba bomba la kijiji halijatoa maji kwa wiki tatu anazungumza siasa, hata kama hajataja jina la mtu yeyote.

Maana ya pili ni ushindani wa vyama na wagombea: kampeni, sera, kura. Tangu mwaka 1992 nchi yetu imerudi katika mfumo wa vyama vingi, na ushindani huu ni halali. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 75, unawasifu wanaojitoa kuitumikia jamii kwa njia ya siasa. Mkristo hana sababu ya kuona haya kwa kuwa na msimamo wa kisiasa au kadi ya chama.

Maana ya tatu ni ushabiki. Hapa mtu hatazami tena sera wala manufaa ya wote, anatazama upande wake umepata na upande wa pili umepatikana. Tunajua lugha hii imetoka wapi. Watani wa jadi, Simba na Yanga, wametufundisha kutaniana vizuri kabisa: aliyefungwa Jumamosi anachekwa Jumapili baada ya Misa, anajibu, wote wanacheka, na Jumatatu wanakwenda kazini pamoja. Utani huo haudhuru kwa sababu kila mtu anajua kwamba ni utani na kwamba matokeo ya mechi hayamnyang'anyi mtu shamba. Tatizo ni pale tunapouhamishia adabu hiyohiyo kwenye mambo ya nchi. Aliyeshindwa katika siasa anaweza kuwa na hofu ya kweli juu ya ardhi yake, kazi yake, au mtoto wake. Kumtumia stika ya kumcheka si utani tena.

Kamusi za zamani za Kiswahili zinatupa jambo la kuongeza hapa. Neno siasa, lililotoka katika Kiarabu, halikuwa na maana ya utawala tu. Lilikuwa pia na maana ya upole, kiasi na utaratibu. Kufanya jambo kwa siasa kulikuwa kulifanya taratibu, kwa uangalifu, bila papara. Kwa hiyo mtu anayetukana kwenye kundi, kwa maana hiyo ya zamani, hana siasa hata kidogo.

Basi sheria ya "hapa siasa hapana" inakataza ipi kati ya hizi tatu? Mara nyingi admini anayeiandika anaikusudia ya tatu, kwa tahadhari anaizuia ya pili, na bila kujua anaizika ya kwanza.

Kundi ni la nini?

Hatua ya pili ni kutazama kundi lenyewe. Katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako, Aristotle anazungumzia vyama vidogo vidogo vya watu: wanaosafiri pamoja chomboni, askari walio pamoja vitani, wanaokutana kwa ajili ya ibada au karamu. Kila chama, anasema, kinatafuta faida fulani mahususi, lakini vyote ni kama sehemu za ile jamii kubwa ya kisiasa inayotazama faida ya maisha yote.

Mawazo haya mawili yanatusaidia sana tukiyashika pamoja. Kwanza, kila kundi lina lengo lake, na lengo hilo ndilo kipimo cha maongezi yake. Watu walijiunga na kundi la harusi ili harusi ifanyike. Anayelifanya kundi hilo kuwa jukwaa la kampeni anachukua kitu ambacho wenzake hawakukubali kukitoa: muda wao, bando lao, na utayari wao wa kuwa pamoja. Hiyo ni namna ya kukosa haki, hata kama anayoyasema ni ya kweli.

Pili, hakuna kundi lililo nje kabisa ya jamii kubwa. Wasafiri wa chombo kimoja hawakukutana ili kujadili mbao za chombo, lakini maji yakianza kuingia, anayesema "tusizungumzie chombo hapa" hawasaidii kufika. Kamati ya harusi inapopanga bajeti na kukuta bei ya mchele imepanda, kuzungumzia bei ni sehemu ya kazi yake. Kubishana ni nani kati ya viongozi wa taifa mwenye kosa la kupanda kwa bei ni hatua nyingine, na kamati inaweza kabisa kusema hatua hiyo tuifanyie mahali pengine.

Jumuiya ndogo ndogo ina hali yake ya pekee. Maaskofu wa nchi za AMECEA walipoziweka jumuiya hizi kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1973 na 1976, hawakuzifikiria kama vikundi vya kusali rozari tu. Walikusudia Kanisa liishi pale watu wanapoishi, jirani kwa jirani, wakilisoma Neno la Mungu na kulihusianisha na maisha yao ya kila siku. Ikiwa ndivyo, siasa kwa maana ya kwanza haiwezi kuwa mgeni katika kundi la jumuiya. Zahanati isiyo na dawa ni jambo la jumuiya, kwa sababu anayekosa dawa ni mwanajumuiya. Lakini kwa sababu hiyohiyo, siasa kwa maana ya pili haifai kutawala humo. Jumuiya haikuwachagua watu wake kwa chama. Iliwapokea kwa sababu ni majirani waliobatizwa. Hata kati ya wale Mitume Kumi na Wawili alikuwemo Mathayo, aliyekuwa mtoza ushuru wa watawala, na Simoni aitwaye Zelote. Bwana aliwaita wote wawili kuketi meza moja, na hatusomi popote kwamba mmoja alipewa nafasi ya kumfanyia mwenzake kampeni.

Simu inabadilisha nini?

Wengine watasema: mbona wazee wetu walizungumza siasa barazani, kwenye bao na kwenye kahawa, na hawakuvunjika? Ni kweli, na baraza bado ni shule nzuri. Lakini kundi la mtandaoni linatofautiana na baraza kwa mambo kadhaa ambayo yanabadilisha maongezi yenyewe.

Barazani tunaonana. Mzee akikunja uso, kijana anapunguza sauti. Kwenye simu hatuoni uso, na ujumbe ulioandikwa kwa mzaha unasomwa na mtu aliyetoka hospitali. Tena barazani ni watu wanane au kumi wanaojuana. Kundi moja la WhatsApp sasa linaweza kuwa na hadi watu 1,024, na humo yumo mwajiri na mfanyakazi wake, mwalimu na mzazi, mtendaji wa mtaa na raia mwenye malalamiko naye. Barazani mtu angechagua aseme nini mbele ya nani. Kwenye kundi anasema mbele ya wote kwa mara moja. Na neno la barazani hupita na upepo, lakini la kwenye simu hupigwa picha na kwenda mbali. Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kusambaza taarifa za uongo mtandaoni kuwa kosa la jinai. Anayefowadi bila kuhakiki anaweza kujiletea matatizo yeye na familia yake.

Kufowadi ndiko jambo zito kuliko yote. Ujumbe ukishapita mikono kumi, hatujui aliyeuandika, lini, wala kwa nini. Tunamjua tu aliyetuletea, na kwa kuwa ni katekista wetu au dada yetu wa kwaya, tunauamini kama tunavyomwamini yeye. Kampuni yenyewe ya WhatsApp ililiona hili. Januari 2019 iliweka kikomo cha kufowadi ujumbe kwa makundi au watu watano kwa mara moja duniani kote, na Aprili 2020 ikabana zaidi ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi, kwamba upelekwe sehemu moja tu kwa wakati. Kikomo hicho kinapunguza kasi, hakitufundishi kuhakiki.

Jirani zetu Wakenya walilipa gharama kubwa kabla hata ya WhatsApp kuwepo. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ujumbe mfupi wa simu wa kuchochea chuki za kikabila ulisambaa kutoka mkono hadi mkono. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Mwaka 2008 Kenya ilitunga sheria ya utangamano wa kitaifa inayokataza matamshi ya chuki. Waliofowadi ujumbe ule wengi hawakuwa wanasiasa. Walikuwa watu wa kawaida waliokuwa wakiwatumia ndugu na marafiki.

Aristotle anatusaidia tena hapa. Anatofautisha sauti na neno. Wanyama pia wana sauti, na kwa sauti wanaonyesha maumivu na raha. Binadamu ana neno, na kwa neno anaonyesha lenye faida na lenye madhara, la haki na lisilo la haki. Na ni kushirikiana katika hayo kunakofanya familia na nchi. Tukiyapima maongezi yetu ya siasa kwenye simu kwa kipimo hiki, tutaona mengi ni sauti: stika, vicheko, vidole juu, vidole chini, klipu isiyo na maelezo. Yanaonyesha kwamba tumefurahi au tumeumia, lakini hayaelezi haki iko wapi. Wahenga walisema kuambizana kuko, kusikilizana hapana. Kundi linaweza kuwa na ujumbe mia mbili wa siasa na lisiwe na sentensi moja iliyojibiwa.

Je, kunyamaza ndiyo amani?

Kutokana na hayo yote, mtu anaweza kuhitimisha kwamba basi ni heri kupiga marufuku kabisa. Hapa tunapaswa kusimama, kwa sababu hoja ya upande wa pili ni nzito.

Kwanza, marufuku ya siasa hutumika kwa upendeleo bila watu kukusudia. Anayepongeza huonekana anatoa habari. Anayelalamika huonekana analeta siasa. Picha ya kiongozi akizindua kisima inapokelewa kwa "hongera", lakini picha ya kisima kilichokauka inajibiwa "lengo la kundi, tafadhali." Sheria ikikata upande mmoja tu, si ya haki, nayo imeshakuwa siasa.

Pili, kuna mambo ambayo yakiitwa siasa, upendo wenyewe unazuiliwa. Mfano ulio karibu nasi ni uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025. Siku ile na zilizofuata kulikuwa na maandamano, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, na watu walipoteza maisha. Mawasiliano yaliporudi, makundi mengi yalijikuta mbele ya swali ambalo sheria zao hazikulifikiria. Mwanajumuiya akiandika kwamba mtoto wake hajarudi nyumbani, na kuomba sala, je, hiyo ni siasa? Familia ikitangaza msiba bila kuficha namna marehemu alivyokufa, je, admini aufute ujumbe? Na mwanajumuiya ambaye ni askari, naye akiomba sala kwa ajili ya mwenzake au kwa ajili ya dhamiri yake, je, afukuzwe kwa kelele? Tunaamini jibu la Mkristo katika mifano hii yote ni moja. Kuomboleza na wanaoomboleza si ajenda ya chama. Kundi la jumuiya ambalo haliwezi kumpokea mama huyo kwa sababu ya hofu ya siasa limepoteza lengo lake hata kama limeishika sheria yake.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatupa ufunguo. Katika Summa Theologiae, Sehemu ya Pili ya Pili, swali la 29, anauliza kama amani ni tunda la upendo, na anakutana na pingamizi kwamba hata watu watakatifu walitofautiana. Anajibu kwamba kutofautiana kwa mawazo hakupingani na amani. Mawazo ni ya akili. Amani inaunganisha nia. Marafiki wanaweza kukubaliana juu ya mema makubwa na bado wakahitilafiana juu ya mengine. Katika swali la 37 anakumbusha hata mfarakano wa Paulo na Barnaba juu ya Yohane aitwaye Marko, tunaousoma katika Matendo ya Mitume sura ya 15. Kila mmoja alikusudia jema, wakaona tofauti.

Tukimfuata Thoma, kundi lenye amani si lile lisilo na maoni tofauti. Ni lile ambalo nia za watu wake zimeungana katika jema kubwa, kiasi kwamba maoni tofauti yanaweza kusemwa bila mtu kumtakia mwenzake mabaya. Kinyume chake, kundi kimya linaweza kuwa limejaa chuki iliyonyamazishwa. Kwa hiyo ukimya haupimi amani, na kelele peke yake haipimi uhuru.

Kanisa linatuambia nini?

Gaudium et Spes namba 43 inatoa mwongozo ambao tungependa kila admini Mkatoliki aufahamu. Mtaguso unakiri kwamba waamini wenye dhamiri njema wanaweza kufikia maamuzi tofauti juu ya jambo moja la kidunia, na kwamba hapo hakuna anayeruhusiwa kudai mamlaka ya Kanisa kwa ajili ya maoni yake peke yake. Wanapaswa kuangaziana kwa mazungumzo ya kweli, wakishika upendo na kutafuta kwanza manufaa ya wote. Hivyo anayeandika kwenye kundi la parokia kwamba Mkatoliki wa kweli hawezi kukipigia kura chama fulani, kwa kawaida amevuka mpaka. Namba 76 ya hati hiyohiyo inaongeza kwamba Kanisa halifungamani na mfumo wowote wa kisiasa, lakini linabaki na haki ya kutoa hukumu ya kimaadili hata katika mambo ya siasa pale haki za msingi za binadamu zinapohusika.

Katekisimu, namba 2477 na 2478, inataja dhambi tatu dhidi ya jina jema la jirani: kumhukumu bila msingi wa kutosha, kufichua makosa yake kwa wasioyajua bila sababu ya haki, na kumsingizia uongo. Inatutaka pia tuwe tayari kuyapokea maneno ya mwenzetu kwa maana nzuri kwanza, na kama hatuelewi, tumwulize. Dhambi hizi hazina msamaha wa pekee kwa sababu aliyesemwa ni mwanasiasa. Kuna haki ya kukosoa matendo ya kiongozi ya hadharani. Hakuna haki ya kumzushia ugonjwa au kifo.

Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Fratelli Tutti wa Oktoba 2020, aliweka sura nzima juu ya siasa iliyo bora, na mara baada yake sura juu ya majadiliano na urafiki katika jamii. Tunaona mpangilio huo una maana: siasa bora huhitaji watu waliozoea kusikilizana, na mazoea hayo hujengwa katika makundi madogo, yakiwemo haya ya kwenye simu.

Na sisi waseminari?

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 287, inawataka makleri wakuze amani na mapatano yaliyojengwa juu ya haki, na inawakataza kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa, isipokuwa mamlaka ya Kanisa ikiona kwamba kulinda haki za Kanisa au manufaa ya wote kunadai hivyo. Mseminari bado si kleri. Anakuwa kleri kwa daraja la ushemasi. Ana haki ya kupiga kura na kufikiri kama raia. Lakini yumo katika malezi, na watu wanaosoma maneno yake leo ndio atakaowaungamisha kesho. Stika aliyoituma akiwa mwaka wa pili wa falsafa inaweza kukumbukwa na mzee atakayeshindwa kumwendea kwa ushauri. Kwa hiyo, kwa maoni yetu, mseminari afanye bidii katika siasa ya maana ya kwanza, anyamaze kwa hiari katika ile ya pili, na aikatae ya tatu.

Tufanyeje basi?

Jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili: siasa kama manufaa ya wote ina nafasi katika makundi yetu, kwa kadiri ya lengo la kila kundi; siasa kama kampeni itafutiwe mahali pake; siasa kama ushabiki na matusi haina mahali popote kati ya Wakristo. Ili hilo liwezekane, tunapendekeza kila mmoja ajiulize maswali manne kabla ya kutuma.

Je, jambo hili linagusa lengo la kundi au maisha ya watu waliomo? Je, ninajua kwamba ni kweli, na limetoka kwa nani? Je, ningelisema hivi, kwa maneno haya, mbele ya uso wa mwanajumuiya wa chama kingine akiwa na watoto wake? Na je, niko tayari kusoma majibu na kuyajibu, au nataka tu kutupa na kuondoka?

Kwa maadmini tungeshauri mambo matatu. Badala ya "siasa hapana", andikeni wazi kinachokatazwa: kampeni, matusi, habari zisizohakikiwa. Mtu akikosea, mfuateni faragha kwanza, kama Injili ya Mathayo sura ya 18 inavyotuelekeza, kabla ya kumtaja mbele ya watu mia tatu au kumtoa. Na aliyejitoa kwa hasira atembelewe nyumbani, si kurudishwa kwa kubonyeza kitufe tu.

Hatimaye, jambo likiwa zito, litoeni kwenye simu mlipeleke kwenye jumuiya yenyewe, siku ya kukutana, baada ya kusoma Neno. Pale mwenye kilio cha maji atasema akionekana, mjumbe wa serikali ya mtaa ambaye labda ni mwanajumuiya atajibu akionekana, na watakapomaliza watasali pamoja. Kundi la simu libaki na kazi yake ya kuwaita watu wafike.